Unywele wa Kipimo

Odile alikaa bega kwa bega na mdogo wake, Blaise, wala hawakutazamana. Tangu wamzike baba yao, Blaise alikuwa akiwatangazia majirani, Geneva nzima, kwamba dada yake ameuza kipimo cha zamani cha marehemu, cha unyevu wa hewa, na kuweka cha bandia mahali pake.

Bwana Pittard, fundi anayetambua vyombo vya aina hiyo, alikisogeza kwenye dirisha la karakana yake. Fremu ilikuwa ya shaba, na katikati yake unywele mmoja wa binadamu uliovutwa hadi kwenye mshale.

"Jina la mtengenezaji limechongwa kwa mkono," alisema. "Skrubu hazifanani. Dalili za ukale hizo."

"Dalili huigizwa," Blaise akadakia. "Kipime basi!"

Pittard akakifunika kwa kifuniko cha kioo chenye umbo la kengele, pamoja na kitambaa chenye maji. Unywele halisi hurefuka ukipata unyevu, na mshale husogea. Wakangoja. Kioo kikaingia ukungu. Mshale haukutikisika.

"Nailoni hiyo!" Blaise aligonga meza. "Si nilisema? Mwizi we!"

Kwa mara ya kwanza Odile akamshuku marehemu: je, kama Baba mwenyewe ndiye aliyekiuza, akanyamaza?

"Taratibu, bwana, utanivunjia kioo," Pittard alisema. Akainua kengele, akainama, akanusa. "Nani amekipaka mafuta ya bunduki? Unywele wenye mafuta haunyonyi unyevu."

Odile akamgeukia mdogo wake. Nyumbani kwao bunduki ilikuwa moja tu, ya Blaise, aliyobaki nayo alipotoka jeshini.

"Nilitaka king'ae tu," Blaise akasema chinichini. "Wageni wa mazishi walikuwa wanakuja."

Pittard alichovya brashi laini kwenye spiriti, akaipitisha kwenye unywele kidogo kidogo, akiwa amebana pumzi. Ungekatika, ushahidi ungepotea. Odile alifumba macho. Aliposikia kengele ikirudishwa juu ya meza, akayafumbua.

Mshale ulisita, kisha ukaanza kupanda, polepole, mpaka ukakaribia mwisho wa kipimo.

"Ni chenyewe," Pittard alisema.

"Dada, nisamehe," Blaise akasema.

"Kwanza nenda kwa mama Tissot, na kwa muuza mikate, na kwa padri," Odile alijibu huku akivaa koti. "Kote ulikonichafua. Ukimaliza, ndipo uje tuzungumze."