Jenerali Aliyekaribishwa

Jana usiku, baada ya kushindilia soseji mbili za Vienna na viazi vyake, niliota nimekaa mkahawani hukohuko Vienna nilikotembelea, nakula keki ya chokoleti. Pembeni yangu kulikuwa na boksi lililofungwa kwa uzi mwekundu, na ndani yake keki ya pili. Hiyo nilikuwa nimeinunua kweli mchana, kwa ajili ya Shangazi Mwanasiti, aliyenilea kule Tanga kwa kukaanga vitumbua. Aliniagiza kitu kimoja tu: "Salha, niletee keki yao nionje, nijue kama hawajisifu bure." Ndege yangu ilikuwa ya asubuhi.

"Tafadhali," keki ikasema kutoka ndani ya boksi, "usimkaribishe mtu."

"Simkaribishi," nikaijibu.

Mara anapita jenerali wa shaba juu ya farasi wa shaba, ile sanamu niliyoipiga picha mchana uwanjani. Mdomo wangu umejaa. Sasa mtu aliyelelewa na Shangazi Mwanasiti ataendeleaje kutafuna huku mwenzake anapita?

"Karibu," nikasema.

Kwetu, anayekaribishwa hivyo hujibu, "Asante, nimetoka kula sasa hivi," akaenda zake, na kila mtu akabaki na heshima yake. Jenerali akashuka, akavuta kiti.

"Sivyo, mzee," nikamweleza. "Ulitakiwa useme umeshiba."

"Nimesimama pale miaka mia na hamsini. Nitasemaje nimeshiba?"

Farasi naye akaagiza kahawa. Mhudumu, ambaye alikuwa mwavuli, akamwuliza kama aweke sukari.

"Usiweke," farasi akasema. "Nachunga umbo."

Jenerali akaimaliza keki yangu taratibu kwa kijiko cha chai, kisha akalitazama lile boksi.

Nikalikwapua, nikatimua mbio. Nakata kona, barabara imegeuka kibanda cha lile gurudumu kubwa la mji huo linalozungusha watu angani, nami niko juu kabisa, mji wote uko chini. Nikashusha pumzi. Nageuka, jenerali amekaa mbele yangu na farasi ubavuni kwake. Gurudumu limekwama kwa uzito.

"Hii ni ya shangazi yangu," nikasema, karibu nilie. "Hajawahi kuniomba kitu kingine."

"Naelewa," akasema. Tumbo lake likanguruma hadi vioo vikatikisika. "Na mimi sijawahi kukaribishwa na mtu mwingine."

Nilikikasirikia kinywa changu, lakini yeye nilimwonea huruma kwelikweli. Nikafungua uzi.

"Nilikuonya," keki ikasema, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho.

Jenerali akala, akamwachia farasi ile chokoleti ya juu. Akalifunga boksi vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Gurudumu likaanza kuzunguka, nikaamka.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, hotelini. Boksi lilikuwa mezani, jepesi, na fundo la uzi halikuwa langu. Nikampigia Shangazi kabla sijaishiwa ujasiri.

"Shangazi, shikamoo. Keki yako imeliwa."

"Marahaba. Imeliwa na nani?"

"Na mgeni. Nilimkaribisha, akaja."

Nikasikia vitumbua vikichemka kwenye mafuta.

"Ulimkaribisha kwa moyo?"

"Kwa mazoea, Shangazi. Moyo ulifuata baadaye."

"Na chombo alikirudisha kitupu?"

Nikafungua boksi. Hapakuwa na keki, hata chembe. Palikuwa na kifungo kimoja cha koti, cha shaba, kizito, chenye kutu ya kijani.

"Hapana," nikasema. "Hakukirudisha kitupu."

"Basi huyo kalelewa," akasema Shangazi. "Mwambie akipita Tanga, karibu."