Diski Mseto ya Rogath

Banda la mjukuu wangu Kandida liko ukingoni mwa soko la Babati, limegusana na meza yangu ya kambale wakavu. Yeye anatengeneza laptop, mimi nauza samaki, na katikati yetu kuna turubai tu, kwa hiyo kila neno la wateja wake nalisikia.

Rogath alikuja na laptop nzito kama tofali. Kazi yake ni kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi, pale karibu na stendi.

"Dada, hii inawaka kama mgonjwa anayeamka," alisema. "Nataka kasi, lakini nafasi isipungue. Filamu zangu zienee zote."

Kandida akamwonyesha diski mseto. Akamweleza kwa mfano wa nyumba yetu ya Mbulu: gunia la mahindi linakaa darini, unga wa leo unakaa kando ya jiko. Diski hiyo nayo ina dari kubwa na kona ndogo ya jikoni. Unachokitumia mara kwa mara inakisogeza jikoni yenyewe, kidogo kidogo.

"Ndiyo maana mwanzoni haina haraka. Inajifunza kwanza."

Kazi aliifanya taratibu. Skrubu ndogo kama mbegu za nyanya alizinasisha kwenye sumaku, akahamisha filamu zote, akafunga, na diski ya zamani akaiviringisha kwenye gazeti amrudishie mwenyewe. Desturi yake ni kubaki na mashine mpaka kesho yake, anaiwasha na kuizima hadi izoee, ndipo anaitoa. Rogath hakusubiri. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, wateja wangefurika. Aliichukua laptop yake, simu ikiwa sikioni.

"Iwashe na uizime mara kadhaa kabla hujafungua kazi," Kandida alimwambia.

"Poa, poa," akajibu, sijui alimjibu nani.

Asubuhi ya mnada alirudi na nondo.

Aliibwaga laptop mezani. "Mwizi wewe! Nimeiwasha mbele ya watu, imekaa vilevile! Wananiuliza kama ninapika makande! Diski mpya umeiuza, humu umenirudishia takataka!"

"Kaka Rogath, umeiwasha mara moja tu?"

Nondo ilishuka, Kandida akainua mkono kukinga kichwa, na mfupa nikausikia, kama kuni kavu inapovunjwa gotini. Pigo la pili lilipasua kioo cha rafu, vipande vikamwagikia samaki wangu. La tatu lilimchana juu ya jicho. Nikanyakua jiwe la mizani nikamtupia, likampata sikioni, damu ikamchuruzika hadi kwenye kola. Akanigeukia na kiwiko. Nilitema jino.

Hapo ndipo akapiga kelele: "Mwizi! Jamani, mwizi!"

Neno hilo sokoni halina swali. Hakuna anayeuliza kaiba nini. Walikuja wanaume wa stendi na mawe mikononi, mmoja akisukuma tairi bovu, mwingine ameshamwomba bodaboda petroli kwenye chupa. Kandida alikuwa ameanguka chini ya meza. Nikamlalia. Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni.

Naitoti, mama wa Kimaasai anayeuza maziwa jirani yetu, aling'oa nyasi kwenye mtaro, akaja kusimama mbele yetu amezishika kwa mikono miwili. Kwao, anayekukabili na nyasi anaomba amani, na huruhusiwi kupiga. Saibulu, Mmaasai mwenzake, mlinzi wa duka la dawa, alikuwa mbele ya wote, rungu liko juu. Alipoziona nyasi, rungu likashuka polepole.

"Yeyo," alimwita Naitoti, kama mtu anavyomwita mama yake, "lakini huyu ni mwizi."

"Hata mwizi anaulizwa, mwanangu."

Rogath akazipiga zile nyasi zikaanguka. Akazikanyaga akimfuata Kandida, nondo juu. Rungu la Saibulu lilimkuta kwenye kiwiko. Nondo ikalia chini, naye Rogath akalia kuliko nondo.

"Amekanyaga nyasi za mama," Saibulu alisema, wala hakupandisha sauti. Kisha akainama chini ya meza. "Wewe fundi, iwashe tuone."

Kandida alitambaa akatoka, jicho limejaa damu, mkono wa kulia unaning'inia. Akaiwasha kwa mkono wa kushoto. Kioo kikabaki cheusi muda mrefu.

"Konokono huyo!" mwenye chupa ya petroli akacheka. "Leteni tairi!"

Ikafunguka. Kandida akaizima, akaiwasha tena. Safari hii ilifunguka upesi kidogo, na wale wa mbele wakasogea, mawe bado mikononi. Akaizima tena. Akafuta damu jichoni kwa bega, akatafuta kitufe. Akabonyeza. Mwenye chupa alifungua mdomo kutoa kejeli nyingine, na kabla hajaitoa filamu za Rogath zilikuwa zimejipanga kwenye kioo.

"Kumbe!" kijana mmoja alisema, akaliachia jiwe lake taratibu kama si lake.

Lakini petroli ilikuwa imeshapatikana. "Basi tumchome huyu mwongo!" Wakamrukia Rogath kwa mateke, wakamburuta kuelekea kwenye tairi, shati likachanika.

"Mwacheni!" Kandida alipiga yowe mpaka akaegemea meza. "Hapa hafi mtu!"

Saibulu akasimama juu ya Rogath na rungu lake, nao wakarudi nyuma, mmoja mmoja.

Bajaji ilikuwa moja tu, ya Mikidadi. Tukabanana nyuma watatu, Rogath na kiwiko chake, Kandida na mkono wake, mimi katikati.

"Msinichafulie kiti," Mikidadi alilalamika.

Tulikuwa tunakaribia hospitali Rogath alipovuta pumzi. "Dada," alisema, "ile kasi itaongezeka tena, au ndiyo imefikia hapo?"

Nilimzaba kibao mpaka Mikidadi akayumbisha usukani.

"Itaongezeka," Kandida alimjibu, macho ameyafumba. "Bibi, mpige tena."

Nikampiga.