Nelima Hasaini

Barua ilikuwa na mistari minne tu. Nelima, mtoto wa dada yangu, alitakiwa kusaini kwamba aliiba mtihani, asamehewe, arudie mwaka. Akikataa, chuo kinamfukuza.

"Na uliiba?" nikamuuliza.

"Anti, nilisimama tu kwa mtihani, nikatembea kidogo. Mara tatu."

Saluni yangu hapa Kawangware 46, Nairobi, ilikuwa imejaa, vile napenda. Mama Ndanu, ambaye Nelima alikuwa anamsuka, akadakia, "Hilo ni pepo la kutotulia. Mlete maombi Ijumaa."

"Ameombewa kanisani kule Mashimoni mpaka pasta akakauka sauti," nikamjibu. "Daktari alisema ni ADHD, akili haitulii mahali pamoja. Ubongo wake uliumbwa hivyo."

Wasichojua wale wa chuo ni kwamba huyu msichana husomea hapa. Mpe kitabu na kimya, macho yanabaki kwa ukurasa, akili inatoka kutafuta mandazi. Lakini mikono ikiwa kwa nywele, mteja anashika noti za Nelima za afya ya jamii, anamuuliza, naye anajibu bila kupoteza laini hata moja ya msuko.

Jumatatu tukaenda chuoni. Mama Ndanu pia alikuja. Nani alimwita? Hakuna.

Bwana Mutuku, mkuu wa idara, akasukuma kalamu. "Saini tumalize."

"Sikuiba."

"Msimamizi alikuona ukitembea."

"Nilitembea. Barua ya daktari iko kwa faili yangu tangu Januari. Mliisoma?"

Akafungua faili. Bahasha ilikuwa hapo, haijawahi kufunguliwa. Akakohoa. "Sasa kila mtu akitembea, huo ni mtihani ama maandamano?"

"Niulize hapa hapa. Swali lolote la ile karatasi."

Kabla hajajibu, Nelima alishamkalisha Mama Ndanu na kuanza kumfumua nywele.

"Wee! Hizi ni za juzi!"

"Tulia, Mama Ndanu. Uliza, mwalimu."

Mutuku akakunja uso. "Mtoto anaharisha siku ya tatu, macho yameingia ndani."

"Navuta ngozi ya tumbo nione inarudi haraka ama polepole. Anakunywa? Nampa maji ya ORS na zinki. Amelegea, hawezi kunywa? Hospitali sasa hivi, singoji kesho."

Akauliza maswali saba. Akajibiwa saba, vidole havikusimama.

"Sawa," Mutuku akasema. "Utarudia mtihani kwa chumba cha peke yako. Lakini hii barua saini tu, faili ifungwe."

"Hapana. Nataka nyingine, inayosema sikuiba."

"Wewe msichana, nimekusaidia!"

"Asante. Andika."

Mama Ndanu, nusu ya nywele zikiwa zimesimama wima, akavuta kiti karibu na meza ya Mutuku. "Andika, baba. Sisi hatuna haraka."

Kuiandika kulimchukua Mutuku nusu saa. Nelima hakuketi. Alitembea ofisi nzima, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, viatu vikilia kwa simiti, na hakuna aliyemwambia atulie.