Vumbi la Rangi ya Zamani

Siku ya tatu ya ukarabati wa nyumba, Orpa alimkuta binti yake Elsa, wa miaka miwili, akitafuna kipande cha rangi kilichobanduka ukutani. Akakitoa kwa kidole.

Nyumba yao ya mtaa wa Kimemi, mjini Butembo, ilijengwa enzi za Wabelgiji. Sasa serikali ilikuwa inalipia kuzitengeneza nyumba za walimu, yao ikiwemo. Vagheni, fundi wa rangi, alikwangua kuta zikiwa kavu, na vumbi likatua vitandani na kwenye masufuria.

"Papa Vagheni, hii rangi iko na nini ndani?"

Fundi alishuka ngazi bila kumtazama. "Iko na plomb, madini ya risasi, Mama Elsa. Ni sumu ku batoto. Ingénieur alisema tuloweshe ukuta mbele ya kukwangua, na benye nyumba batoke. Mais chef wa kazi hapana kubali. Anasema maji inachelewesha kazi."

"Na wewe ukanyamaza!"

Orpa alimfunga Elsa mgongoni akakimbia hospitali. Wauguzi walimtoa Elsa damu, lakini ilibidi itumwe Kampala kupimwa. Majibu baada ya wiki mbili.

Alimpeleka mtoto kwa bibi yake, kijijini Musienene, akashindwa kutulia huko. Alikaa, akasimama. Elsa alipokataa maharage, alidhani sumu imeanza kumdhuru. Kesho yake alimwacha Elsa huko, akarudi Butembo, akaketi mlangoni pa nyumba yao, mbele ya ngazi ya mafundi.

Chef alikuja na pikipiki. "Mama, utachelewesha nyumba zote."

"Zichelewe. Hapana mutu ataingia."

Chef alimwamuru Vagheni amwondoe. Vagheni aliweka chuma chake chini. "Ingénieur alitukataza, chef. Nilisikia na masikio yangu."

Habari zilimfikia Ingénieur Kitsa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya juu, naye akafika siku hiyo hiyo akasimamisha kazi. Kuta zikaloweshwa, milango ikafungwa kwa maturubai ya bâche, maganda ya rangi yakabebwa katika ndoo zenye vifuniko.

Majibu yalipofika, plomb ilikuwamo katika damu ya Elsa.

"Si nyingi," daktari alisema. "Akae mbali na vumbi. Tutapima tena kisha miezi tatu."

"Na kama itapanda?"

"Ndiyo maana tutapima, Mama."

Orpa hakwenda nyumbani. Alimtafuta Vagheni, akamkuta njiani amevaa shati lile lile alilokwangulia kuta zikiwa kavu, bado jeupe kwa vumbi.

"Ukifika kwako na hii shati, batoto banakurukiaka kifuani?"

Vagheni alijitazama kifuani. Akavua shati pale pale barabarani, akaondoka mbio kwenda kuwachukua wanawe awapeleke hospitali.