Nusu Saa ya Mjomba wa Tanuri

Asubuhi zangu huanza na hadubini. Nafuta kioo, naweka kipande cha fimbo ya metali kilichosuguliwa mpaka kinang'aa, nahesabu chembe. Siku hiyo nilikuwa nimefika ya kumi na saba mlango ulipofunguliwa, meneja akaweka mezani fimbo iliyokatika vipande viwili.

"Ya nne wiki hii," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama sisi sote. "Unga ni mchafu. Mama wa unga leo ndio mwisho wake."

Mama wa unga, anayechanganya unga wa tungsteni na nikeli na chuma, alisimama mlangoni, barakoa shingoni.

"Mchafu? Miaka tisa nauchekecha kuliko unga wa uji wa wanangu."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yake alikuja Mjomba wa tanuri, anayezichoma fimbo, akijifuta jasho. Si mjomba wangu wa damu, ila ndiye aliyenipokea nilipotoka chuoni nikiogopa hata king'ora cha mapumziko. Huniita Kimya.

"Unga ukiharibika, tanuri halina dawa," alisema kwa upole. "Na mimi fimbo kila mara nazizidishia nusu saa motoni, ziive."

Ile nusu saa niliijua tangu miezi miwili iliyopita. Aloi hii ya metali si maharage. Ikikaa motoni kupita kiasi, chembe zake hunenepa, fimbo ikakosa nguvu. Kwenye ripoti niliandika, "Huenda muda wa joto ukaangaliwa." Nani anashughulika na "huenda"?

Mama wa unga alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Kimya, mbona umeacha kuhesabu?" Mjomba aliuliza. "Una homa?"

"Sina, Mjomba. Njoo uangalie hapa."

Aliinama, akafumba jicho moja. "Naona kokoto."

"Ndizo chembe. Zilitakiwa ziwe nusu ya hapo. Na uchafu, unauona?"

Alitazama muda mrefu. "Siuoni," alisema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Sasa unataka kusema nini, mwanangu?"

Meneja alinigeukia.

"Unga ni safi. Ni ile nusu saa yako, Mjomba, ndiyo inayovunja fimbo. Nilijua, nikaogopa kukuumiza, nikamwacha mama huyu abebe lawama zetu."