Madam Jepchumba Anatafuta Wanafunzi

Muhula wa kwanza ulikuwa umeshika kasi, na gredi ya kumi ya Madam Jepchumba bado ilikuwa na wanafunzi tisa. Shule yake ndogo ya kutwa iko nje kidogo ya soko la Ziwa. Fedha za serikali huja kwa kuhesabu vichwa: mwanafunzi akiripoti, mgao wake unamfuata, asiporipoti, shule haipati kitu. Tena ofisi ya elimu ilikuwa imesema wazi kwamba darasa lisilojaa litavunjwa, watoto wapelekwe kwingine.

Kwa hiyo Jumamosi moja Jepchumba alijifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya vumbi, akaingia kwenye gari kuukuu la naibu wake, Johnstone, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Johnstone alitoka pande za ziwa la Viktoria, lakini alikuwa amefundisha huku miaka mingi hata wazee walimsalimia kwa Kikalenjin naye akajibu bila kusita. Waliwatafuta watoto walioitwa shule za bweni za mbali, kisha karo ikawashinda wazazi.

Nyumba mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kote walimuuliza kuhusu maabara, na kote Jepchumba alijibu, "Inamaliziwa." Alijiambia kwamba huo haukuwa uongo kabisa. Jengo lilikuwapo. Serikali ilileta pesa za kuanzia, kuta zikapanda hadi kwenye linta, juu ya madirisha, kisha pesa zikakatika. Mwaka wa pili huu mbuzi wa majirani ndio waliokuwa wakiingia humo kujikinga na jua.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mzee Simeon, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye barabara ya kwenda Moiben. Binti yake, Chepkorir, alikuwa ameitwa shule ya bweni upande wa Nakuru. Tangu Januari alikuwa nyumbani, akikamua asubuhi na kukata nyasi mchana.

"Kwetu karo inalipwa na serikali," Jepchumba alimwambia baba. "Wewe Mzee ni sare na chakula cha mchana tu."

Simeon alijipiga gotini kwa kiganja. "Sasa hiyo ndiyo shule! Jumatatu atakuja."

Chepkorir alikuwa akimimina chai. Aliweka birika chini. "Madam, mimi nilichagua fizikia na kemia. Lab iko?"

Johnstone alikohoa na kutazama nje. Jepchumba alimtazama yule msichana, akaona kwamba hakuuliza ili apate la kusema. Alikuwa anangoja jibu.

"Hakuna," akasema. "Kuna kuta tu. Na mwalimu wa fizikia ni wa kuajiriwa na bodi ya shule, si serikali. Mgao umechelewa, hajalipwa, na akipata kwingine ataenda."

"Sasa nikija kwako nitasoma nini?"

"Historia, Kiswahili, biashara. Hayo tunayafundisha vizuri. Kwa fizikia, nitakuwa nakudanganya."

Simeon aliwatazama wote wawili. "Madam, umekuja kumchukua ama kumkataa?"

Jepchumba alitoa simu akampigia Mungai, aliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa alikuwa mkuu wa shule ya kutwa huko Kiplombe. Mungai alikuwa na maabara, na nafasi zilikuwa zimebaki. Simeon naye akakumbuka kwamba dada yake anakaa Kiplombe. Kabla chai haijapoa, ikakubaliwa kwamba Chepkorir akae kwa shangazi yake na asome kwa Mungai.

Walipofika barabara kubwa Johnstone alipunguza mwendo. "Tumetoka kutafuta watoto, na wewe unawagawa."

"Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia inamaliziwa. Si leo umeshasema hivyo mara mbili?"

Maneno hayo yalimchoma. Jepchumba akasema, "Geuza gari."

Walirudi kwenye zile nyumba mbili. Katika ya kwanza baba alimsikiliza, akamshukuru, akasema basi kijana wake asubiri kwanza. Katika ya pili, mama ya mtoto aitwaye Joyline alicheka. "Madam, huyu wangu anapenda historia. Na mimi nataka alale kwangu." Hivyo darasa likawa na wanafunzi kumi.

Mwishoni mwa Februari Jepchumba aliitwa kwenye ofisi ya elimu, Eldoret. Afisa, kijana aitwaye Kiplimo, alimpa kiti na kumweleza kwa heshima kwamba idadi haikutosha.

"Watoto wanatukimbia kwa sababu hatuna maabara," Jepchumba alisema. "Na maabara haijaisha kwa sababu mliacha kuleta pesa. Sasa mnasema hatupati pesa kwa sababu hatuna watoto. Mimi nianzie wapi?"

Kiplimo alikuna shingo. "Mama, unasema kweli. Lakini hiyo sera sikuiandika mimi." Alichoweza kumpa ni kumalizia muhula. Baada ya hapo gredi ya kumi ingehamia shule kubwa zaidi, ng'ambo ya mto. Jepchumba angebaki na vidato vya tatu na nne, wale wa mtaala wa zamani, mpaka wamalize.

Aliwaambia wanafunzi mwenyewe, darasani, bila kuzunguka. Mmoja aliuliza kama huko kuna mpira wa wavu, wengine wakacheka. Jioni hiyo alikwenda kwa mama yake Joyline kwa miguu, maana hakutaka habari hiyo ifike kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni mbali kiasi gani?"

Jepchumba alimwambia.

Mama alizidi kupepeta. "Itabidi tutafute baiskeli," akasema, kisha akamsogezea mgeni kiti.