Mzazi Asiye na Jedwali

Usiku wa jana niliota nimefika darasa la jioni, nikakuta madawati yamepanga foleni na mimi ni wa mwisho.

Dirishani alikaa Ufunguo wa chuma, mrefu kama mtu, amevaa tai.

"Shikamoo, Mzee Mwakalobo."

"Marahaba."

"Zoezi la kompyuta, lenye violezo viwili vya kumbukumbu, modeli ya Mzazi na modeli ya Mtoto anayemrithi, uliliandika wewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Mwalimu alikwambia Mzazi awe dhahania, kiolezo cha kurithiwa tu. Asiwe na jedwali lake la kuhifadhi kumbukumbu. Safu zake, yaani sifa zake, ziandikwe kwenye jedwali la mtoto."

"Alisema. Nikakataa. Mzee wa miaka sabini na moja asiye na jedwali ni moshi."

Madawati yakacheka kwa adabu.

Sasa tumo kwenye shamba la chai, kila mche una namba. Binti yangu Tusekile amelala kati ya mistari, kamba imefungwa mguuni mwake. Ncha ya pili iko kiunoni mwangu.

"Kamba hiyo ni mimi, ninayeunganisha jedwali na jedwali," anasema Ufunguo. "Nusu ya mtoto iko kwake, nusu iko kwenye jedwali lako. Leo tunafuta mistari ya zamani ya majedwali. Ukifutwa, naye anafutika."

Kifutio cha ubao kinakuja, kikubwa kama nyumba, kinakokotwa na ng'ombe wawili.

"Samahani, mzee," kinasema. "Ni kazi tu."

"Nifanyeje?" namuuliza Ufunguo.

"Andika mstari mmoja: Mzazi ni dhahania."

"Na mimi je?"

"Utaonekana ndani yake tu."

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini, ili jina langu likae mahali. Kifutio kimebakiza miche mitatu. Tusekile anakoroma.

Naandika.

Jedwali langu linajikunja kama mkeka. Safu zangu zinatoka moja moja na kumwingia binti yangu: jina la ukoo, nyayo pana, kuamka kabla ya jogoo. Kifutio kinapita juu yangu, hakioni kitu, kinauliza njia ya Kyela.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda, jambo lisilonitokea tangu ujana. Nje ufagio ulikuwa unamalizia uwanja. Tusekile, ambaye miaka yote namwamsha kwa kugonga ukuta kwa fimbo, akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, baba. Chai iko tayari tangu alfajiri. Sijui leo nimeamshwa na nini, hata jogoo alikuwa bado."

"Marahaba, mwanangu," nikaitika, nikageukia ukutani, nikalala tena.